Nani Aseme Ukuta Huu Ubaki?

MWENYE DUKA: Niseme mapema kabisa: sina fedha ya kulipa watu wawili kwa kazi moja. Paa limekwenda, vyumba viwili vya mbele vimeungua, cha nyuma kimesimama lakini ni cheusi kama chungu cha kuni. Mvua za Novemba hazimngoji mtu huku mlimani Mwese. Kila mmoja anieleze kwa nini nimpe yeye kazi, na mwenzake anieleze kwa nini nisimpe.

FUNDI: Mama, nyumba hii nimeijenga mimi. Tofali nilifyatua mwenyewe, tanuru nikapanga mwenyewe, nikalala nje nikichochea moto. Leo tofali lililopikwa usiku na mchana lishtuke kwa moto wa saa chache? Kuta ni nzima. Tuondoe mbao zilizoungua, tupige kenchi mpya, tupandishe bati, lipu tuirudishie pale ilipobanduka, rangi mikono miwili. Kabla mwezi haujaisha umerudi dukani unauza sukari.

MKANDARASI: Shikamoo tena, baba, maana nakwenda kukupinga. Kuhusu tofali sina ugomvi na wewe. Tofali lililoiva vizuri linaweza kutoka salama kwenye moto wa chumba, hata moto huo ukipanda hadi nyuzi 800 au 900. Lakini ukuta si tofali peke yake. Tofali zako zimeshikwa na udongo chini na saruji juu. Juu ya mlango na madirisha kuna lenta ya zege yenye nondo ndani. Hivyo vyote havikupita kwenye tanuru lako.

FUNDI: Lenta nimeigonga kwa nyundo. Inalia vizuri.

MKANDARASI: Umeigonga upande gani?

FUNDI: Wa barabarani.

MKANDARASI: Moto ulikuwa ndani. Zege likivuka nyuzi 300 hivi huanza kupungua nguvu, na mara nyingi hubadilika rangi, likapata wekundu uliofifia. Likifika 600 limepoteza nguvu nyingi, na hizo hazirudi hata likipoa. Mlango wa duka ni mpana, na lenta yake ndiyo iliyobeba ukuta wote wa mbele. Upande wa ndani lipu imedondoka, na pale nimeona wekundu.

MWENYE DUKA: Binti yangu, Mwese yote ni nyekundu. Mchanga mwekundu, barabara nyekundu, miguu ya wajukuu wangu myekundu. Utajuaje kwamba huo ni wa moto?

MKANDARASI: Ndiyo maana sijasema ivunjwe. Nasema itobolewe sehemu mbili au tatu, tuone wekundu umeingia kina gani. Ukiishia kwenye ngozi, tunachonga tunajaza upya. Ukifika kwenye nondo, lenta inashushwa na kumwagwa nyingine. Halafu kuna maji. Majirani walikuja na ndoo, Mungu awabariki, wakamwagia ukuta uliokuwa umeshika moto. Ukuta wa moto ukipigwa maji ya baridi hupasuka ndani bila kuonyesha ufa mkubwa nje. Na ukuta ulioungua upande mmoja hujikunja kidogo. Baba, umeweka timazi?

FUNDI: Ninaona kwa macho.

MKANDARASI: Mimi pia nina macho, lakini nimeweka timazi. Ukuta wa kati umeinama.

FUNDI: Umeinama tangu mwaka niliojenga! Muulize mama.

MWENYE DUKA: Hilo ni kweli. Nilimkata elfu ishirini kwa sababu hiyo.

MKANDARASI: Basi kuna mainamo mawili, la zamani na la moto, na hakuna anayejua kila moja lina kiasi gani. Kumkata fundi elfu ishirini hakukuusimamisha ukuta.

MJUMBE WA SERIKALI YA KIJIJI: Injinia, mimi nimekaa hapa kama shahidi tu, lakini sema bei. Watu wanaogopa makandarasi kwa sababu maneno huja kwanza na bei huja mwisho.

MKANDARASI: Ukaguzi peke yake ni laki nne. Humo kuna usafiri kutoka Mpanda, kutoboa, kupima, na ripoti ya maandishi yenye mchanganuo wa gharama: nini kinabaki, nini kinatoka, kila kitu na bei yake. Baada ya hapo mama yuko huru kumpa kazi yeyote.

FUNDI: Laki nne za kutazama! Kwa laki nne nanunua mbao za kenchi za chumba kizima. Na hizo mbao mama anaziona, anazigusa. Ripoti ataiezekea?

MKANDARASI: Ripoti ndiyo itakayokwambia ni mbao ngapi ununue. Wewe umesema uondoe zilizoungua. Mbao nene huungua kutoka nje kwenda ndani taratibu, na mara nyingi chini ya mkaa ule kuna mti mzima. Ukikwangua unaweza kuokoa boriti za mninga ambazo siku hizi kuzipata kwa kibali ni shughuli. Papi nyembamba, hizo usipoteze muda nazo. Bati nazo tuzichambue: bati ambalo zinki yake imeyeyuka au kubanduka linaonekana bado bati, lakini halina ngozi. Msimu mmoja, kutu. Pengine hizo laki nne zitarudi kwenye mbao peke yake.

FUNDI: Pengine. Umesikia, mama? Pengine.

MWENYE DUKA: Nimesikia.

FUNDI: Basi nami niseme langu. Baba yangu alifika Mwese miaka ya 1960, na wenzake waliotoka Rwanda. Walikuta msitu na baridi. Nyumba, shule, kanisa, vyote vilisimama kwa mikono ya watu waliokuwa hawajui hata mkandarasi ni nani. Na usidhani ni ya zamani tu. Serikali ilipopata zile fedha za UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Ilimwita nani? Ilitumia fosi akaunti, mafundi wa vijijini kama mimi. Kama mkono wangu unatosha kwa mtoto wa Serikali kukaa chini yake, hautoshi kwa mfuko wa sukari?

MJUMBE: Hapo, injinia, fundi amekubana.

MKANDARASI: Amenibana nusu. Madarasa yale yalikuwa na ramani moja na mhandisi wa halmashauri aliyekuja kuangalia msingi, lenta na kenchi. Tena yalikuwa majengo mapya. Jengo jipya unajua ulichoweka ndani yake. Jengo lililoungua hujui lilichobakiza. Ni kazi mbili tofauti, hata kama mwiko ni uleule. Lile Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na zege lake la miaka ya 1970, la mchoro wa Beda Amuli, halikuvunjwa lote kwa hasira wala halikupakwa rangi kwa haraka. Lilikaguliwa kwanza, kisha likaingizwa kwenye ukarabati pamoja na soko jipya pembeni.

MWENYE DUKA: Kwa shilingi ngapi?

MKANDARASI: Mradi wote, zaidi ya bilioni 28.

MWENYE DUKA: Na waliokuwa wanauza mle walirudi lini?

MKANDARASI: Ilichukua muda.

MWENYE DUKA: Usiseme muda. Nina mdogo wangu Dar es Salaam. Mwaka 2023 uliisha bado wanangoja. Mimi nikikaa msimu mmoja tu bila duka, wateja wangu wamehamia kwa jirani na deni la VICOBA limenimeza. Serikali inaweza kungoja, mimi siwezi.

(Mwandishi anaomba nafasi ya sentensi moja: katika mabishano yote haya, hili la muda ndilo lililostahili jibu refu kuliko lililopata.)

MKANDARASI: Duka moja si Kariakoo. Ukaguzi ni siku moja, ripoti baada ya siku tatu.

FUNDI: Na Zanzibar je? Beit al Ajaib, jumba la masultani. Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa ilianguka likiwa mikononi mwa wakarabati, watu wawili wakafa. Karatasi hazikuwapo pale? Wataalamu hawakuwapo? Karatasi haishiki ukuta, binti yangu.

MKANDARASI: Haishiki. Nakubali kabisa. Msiba ule ulituuma sote tulio kwenye kazi hii. Lakini angalia ulichothibitisha: jengo lililochoka linaweza kuwaangukia hata waliosomea. Sasa wewe unataka nikubali kwamba dawa yake ni kuliingia bila kulipima kabisa?

FUNDI: Ninataka ukubali kwamba cheti si kinga.

MKANDARASI: Cheti si kinga. Umenisikia nimelisema.

MWENYE DUKA: Tuache lenta ipumzike. Chumba cha nyuma wanalala wajukuu. Hicho hakikuungua, kimeingiwa na moshi tu. Nacho kinataka injinia? Si maji na sabuni?

FUNDI: Maji, sabuni ya unga, brashi ya katani. Kikikauka, chokaa mikono mitatu. Siku mbili.

MKANDARASI: Mama, kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka katika maneno yangu, kiwe hiki: maji yasitangulie. Masizi makavu ukiyagusa kwa kitambaa chenye maji yanaingia kwenye vitundu vya lipu na kuwa doa la kudumu. Unaanza kwa ukavu. Brashi laini, au mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio linaloshika chembe ndogo kabisa, ukitoka darini kushuka sakafuni. Sabuni inakuja baadaye. Na masizi ya duka lako si ya kuni. Mle kulikuwa na ndoo za plastiki, kandambili, magodoro ya povu, waya. Masizi ya vitu hivyo yana mafuta, yananata. Ile plastiki ya waya na mabomba ikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Itakula misumari, itakula bati ulilookoa, itaingia ndani ya soketi na kula shaba. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Mwezi wa sita taa zinacheza.

FUNDI: Chokaa inaua asidi. Bibi yangu alilijua hilo bila darasa.

MKANDARASI: Na bibi yako alikuwa sahihi, kwa ukuta. Huwezi kupaka chokaa dari ya jipsamu, wala mlango wa mbao, wala tumbo la soketi. Mbao zilizovuta moshi zinapakwa kwanza prima ya kuzuia doa, ndipo rangi. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, doa linachomoza lilelile, na mvua zikianza harufu inarudi kana kwamba moto ulikuwa jana.

MWENYE DUKA: Wajukuu walale wapi siku hizo?

MKANDARASI: Popote, isipokuwa mle. Na wanaosafisha wavae barakoa nzuri, si kitambaa cha shingoni.

FUNDI: Mimi nimechoma matanuru miaka yote bila barakoa.

MKANDARASI: Na usiku unakohoa, baba. Tangu nifike nimekusikia.

FUNDI: Hilo ni la baridi ya Mwese.

MWENYE DUKA: Mali yangu je? Unga haukuungua. Mifuko ya sukari ya chini haikuguswa. Sabuni ndiyo hata kuosha haihitaji.

MJUMBE: Hapo nitaingia mimi. Unga uliovuta moshi wa plastiki hauuzwi kijijini hapa. Bwana afya aje aangalie. Makopo yaliyopata moto, dawa za kichwa zilizokuwa rafuni, vyote hivyo vizikwe.

MWENYE DUKA: Hata kwa nguruwe usiuzwe?

MJUMBE: Hata kwa nguruwe.

MWENYE DUKA: Na ile sukari uliyochukua kwa mkopo, mheshimiwa, nayo imezikwa?

MJUMBE: Daftari la madeni si liliungua?

MWENYE DUKA: Daftari nalilalia kitandani.

MJUMBE: Tuendelee.

MKANDARASI: Kabla hamjaendelea: majivu. Nimesikia vijana wameanza kuyabeba kwenda bustanini.

FUNDI: Majivu ni mbolea. Kila mkulima anajua.

MKANDARASI: Majivu ya kuni. Mle dukani kulikuwa na betri za sola, zile nzito. Ndani yake kuna risasi, madini yaleyale yaliyofanya reli ifike Mpanda. Zikiungua, risasi inabaki kwenye vumbi, na mtoto anayecheza pale anaila kwa mikono yake. Kanisa la Notre-Dame kule Paris lilipoungua Aprili 15, 2019, paa lake lilikuwa na mamia ya tani za risasi. Julai mwaka huohuo kazi ilisimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu wafanyakazi hawakukingwa vya kutosha. Wafaransa, na mitambo yao yote, walisimama wakaanza upya na mabafu ya kuogea mlangoni.

FUNDI: Hilo kanisa nimeliona kwenye simu ya mwanangu. Nikuulize, paa lile la mbao walilirudisha kwa nini?

MKANDARASI: Kwa mialoni.

FUNDI: Iliyochongwa kwa nini?

MKANDARASI: Kwa shoka. Mafundi seremala walichonga boriti nyingi kwa mkono, kama zilivyochongwa mwanzo.

FUNDI: Kwa shoka! Ulaya nzima, mashine zote zile, mwisho wakamtafuta mzee mwenye shoka. Mama, nina shoka mbili.

MKANDARASI: Walimtafuta mwenye shoka baada ya mtu mwingine kupanda kwenye kuta na kusema kuta zitabeba. Sikukatai, baba. Nakataa ushike nafasi zote mbili.

FUNDI: Sasa tumefika nilikokuwa nakungoja. Mama akikupa kazi yote, nani atajenga? Unakuja na waashi wako kutoka Mpanda?

MKANDARASI: Hapana.

FUNDI: Utamwita nani?

MKANDARASI: Nitakuita wewe.

FUNDI: Kwa bei gani?

MKANDARASI: Tutaelewana.

FUNDI: Tutaelewana maana yake nusu. Ninawajua. Kampuni za mkobani: mtu ana muhuri na kompyuta mpakato, anachukua kazi, anampa fundi wa kijijini kwa nusu, yeye anarudi mjini. Nimefanyiwa hivyo, na siku ya malipo simu haikupatikana. Mama analipa kitu kimoja mara mbili, mimi napokea nusu, katikati kuna mtu aliyevaa kofia ngumu.

MWENYE DUKA: Injinia, hilo nalitaka lijibiwe bila kuzunguka.

MKANDARASI: Watu wa namna hiyo wapo, sitawatetea. Muulize yeyote anayejiita mkandarasi cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na utazame kama ada ya mwaka huu imelipwa, maana inalipwa kila mwaka. Tazama amesajiliwa kwa majengo au kwa barabara. Daraja la kwanza hadi la saba, kila moja na ukubwa wa kazi yake. Umuulize jengo lililoungua alilowahi kukarabati, uende ukanuse. Ndiyo, ukanuse, mwezi wa mvua. Usimpe fedha yote mwanzo. Mkataba uwe na kipindi cha matazamio, miezi sita au mwaka, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka kipite. Na kuhusu baba, andikeni ndani ya mkataba kwamba fundi analipwa kila Jumamosi na kiasi gani, mbele ya mjumbe. Nitatia saini.

FUNDI: Hiyo ya Jumamosi irudie.

MKANDARASI: Kila Jumamosi, mbele ya mjumbe.

MWENYE DUKA: Nami niseme lililo moyoni. Fundi huyu akiniharibia, najua anakokaa. Mke wake ananunua chumvi kwangu, mtoto wake amesoma na wangu. Wewe ukiniharibia nikutafute wapi? Nipande basi hadi Mpanda? Nikukose niende Dodoma kwenye hiyo Bodi, na nauli gani? Sheria yenu iko mbali, mama yangu. Ya fundi iko hapo kisimani.

MKANDARASI: Iko kisimani, ni kweli. Lakini nikuulize: ule ukuta ulioinama, ulimfanya nini?

MWENYE DUKA: Nilimkata elfu ishirini.

MKANDARASI: Ukamwambia autengeneze?

MWENYE DUKA: Mkewe alikuwa mjamzito. Ningemwambiaje?

MKANDARASI: Ndiyo hivyo. Aliye karibu humpati kwa sababu unamwonea haya. Mimi hutanionea haya. Utanitukana kwenye simu saa kumi na mbili asubuhi, na barua yako ikifika Bodi nitaitwa nijieleze. Ukaribu una nguvu, lakini hauna ukali.

MWENYE DUKA: Na wewe una ukali bila ukaribu.

MKANDARASI: Labda.

MJUMBE: Mimi nina swali ambalo si la duka. Vijiji vinane vya Wilaya yetu ya Tanganyika vinalipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu ya Ntakata, na fedha hizo zimekuwa madarasa na zahanati. Kila kiangazi mtu anachoma shamba, moto unamtoroka, tunakesha na matawi. Siku moja moto huo utafika kwenye jengo la umma. Nitasimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji niwaombe wananchi walipe ukaguzi kabla ya tofali hata moja kununuliwa? Watanizomea. Watasema mjumbe amepewa kitu na injinia.

FUNDI: Nitakuwa wa kwanza kukuzomea.

MJUMBE: Najua. Lakini pia nakumbuka bweni la Idodi, Iringa, mwaka 2009. Wasichana 12 walikufa kwa moto. Bweni likiungua, mkalipaka rangi, mkarudisha vitanda, mimi nitamwambia mzazi nini kuhusu lenta iliyo juu ya mlango ambao binti yake atakimbilia? Duka la mama akiamua kubahatisha, anabahatisha kwa kichwa chake na cha wajukuu wake. Bweni je?

FUNDI: Bweni ni jambo jingine. Kwa bweni ningesema injinia aje.

MKANDARASI: Kwa nini?

FUNDI: Kwa sababu ni watoto wa watu.

MWENYE DUKA: Na wajukuu wangu ni wa nani?

FUNDI: Mama, sikusema hivyo.

MWENYE DUKA: Umesema hivyohivyo.

FUNDI: Nimesema kwa bweni kuna fedha ya umma ya kumlipa. Kwako hakuna. Mtu hupimwa kwa mfuko wake. Ukimwambia maskini hafai kurudi nyumbani mpaka alipe ukaguzi, unamwambia alale nje. Na mvua inakuja. Nyumba isiyoezekwa mwezi huu, mwakani haina haja ya kukaguliwa, udongo utakuwa umekwenda. Hilo mbona hujalisema, injinia? Mvua nayo inabomoa.

MKANDARASI: Ni kweli. Ningesema leo hii tufunike turubai juu ya kuta. Hilo halihitaji cheti.

FUNDI: Na turubai ni la nani?

MKANDARASI: Ninalo kwenye gari.

MWENYE DUKA: La kukodi au la bure?

MKANDARASI: La bure, wiki mbili.

MJUMBE: Na umeme? Nani anaruhusu taa kuwaka?

MKANDARASI: Si mimi, si baba. Waya zote zilizopitiwa na joto zitoke, hata zile zilizoonekana nzima, kisha fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime kabla TANESCO hawajarudisha. Ripoti ya Zimamoto nayo isubiriwe. Kama chanzo kilikuwa waya au ile mashine ya sola, tukijenga vilevile tunajenga moto uleule. Na mama kama una bima au mkopo wa benki, usifagie kitu kabla hujapiga picha.

MWENYE DUKA: Bima! Bima yangu ni majirani waliokuja na ndoo.

FUNDI: Ambao injinia amesema waliharibu ukuta.

MKANDARASI: Sikusema hivyo, baba.

FUNDI: Umesema maji ya baridi.

MKANDARASI: Nimesema maji ya baridi. Wangefanya nini kingine? Gari la Zimamoto lingepanda mlima huu kwa saa ngapi?

MWENYE DUKA: Nisikilizeni. Fundi, wewe unasema lenta ni nzima. Mheshimiwa ana karatasi na kalamu. Andika kwamba lenta ni nzima, tia saini, na ikinidondokea nyumba mwanangu anajua aende na karatasi wapi.

FUNDI: Mimi si mtu wa kuandika.

MWENYE DUKA: Unaandika vizuri, nimeona risiti zako.

FUNDI: Mama, umenijua miaka mingapi? Neno langu limepungua lini?

MWENYE DUKA: Halijapungua. Ndiyo maana nataka liandikwe.

FUNDI: Siwezi kuandikia kitu nisichokiona ndani.

MKANDARASI: Na mimi siwezi.

FUNDI: Basi nitaitoboa mwenyewe. Nina patasi, nina nyundo. Wewe simama hapo uangalie.

MKANDARASI: Tutatoboa pamoja. Wewe mkono, mimi jicho. Laki nne inabaki palepale.

FUNDI: Hata nikifanya kazi yako?

MKANDARASI: Kutoboa nakulipa. Anayeandika ni mimi, na nikikosea anayeitwa ni mimi.

FUNDI: Na tukikuta ni nzima, kama nilivyosema tangu asubuhi?

MKANDARASI: Nitaandika kwamba ni nzima, na nitaweka muhuri.

FUNDI: Na laki nne za mama?

MKANDARASI: Hazirudi.

MWENYE DUKA: Mheshimiwa, andika hapo kwamba kuhusu turubai nimekubali. Kuhusu laki nne andika bado.